Simu inatambua kidole cha mhami, lakini haitambui mfuko wa koltani

GOMA — Kila mwaka, mwezi wa tisa, habari ni ile ile. Kampuni ya Apple, kule California, inaonyesha simu mpya, na radio za dunia nzima zinaisoma habari hiyo kama kuzaliwa kwa mtoto wa mfalme. Kamera inaona gizani. Batri inadumu zaidi ya ile ya mwaka jana. Na tangu hii miaka miwili mitatu, ndani ya simu kuna akili bandia, inayoandika barua na kutafsiri luga kabla mwenye simu hajamaliza kunywa chai. Vijana wa Birere wanasikiliza, wanabishana ni simu gani inapita zingine, na ni baada ya miaka mingapi hiyo mpya itafika sokoni kwao ikiwa okazioni, na kioo kilichopasuka.

Vijana kupenda simu si kosa. Na hakuna mtu hapa anayeomba watu watupe simu zao. Wakati mji wa Goma ulianguka mwisho wa Januari 2025, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, ni simu iliyobaki. Feza ya kununua unga ilipita kwenye simu. Mama aliyepotezana na watoto kwenye barabara ya Sake aliwatafuta kwa simu. Mhami ambaye hana nyumba, hana shamba, hana hata karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, mara nyingi ana kasimu kadogo ka vitufe, kamefungwa na mpira, na ndako kanamwambia kama msaada umeingia.

Ubaya uko penye habari ya simu mpya inakatiwa. Inaanza California na kuishia dukani, na mawe hayamo. Yule aliyetoa mawe hayo ndani ya udongo hatajwi kabisa, na yule aliyefukuzwa kijijini kwake kwa sababu ya mawe hayo anatajwa katika habari ingine, siku ingine, kama mtu wa kuhurumiwa tu. Habari mbili hizo zinasomwa mbalimbali, kama vile hazijuane.

Basi zisomwe pamoja mara moja.

Ndani ya kila simu kuna vidude vidogo sana, vingine vidogo kupita punje ya mchele, vinavyoshika umeme na kuuachilia kwa kipimo. Baadhi ya vidude hivyo vinatengenezwa na tantali, kwa sababu tantali inavumilia joto na inaweza kushika umeme mwingi ndani ya nafasi ndogo. Tantali inatoka katika koltani. Bati inayounganisha vipande vya simu inatoka katika kasiteriti. Ule uzito mdogo unaozunguka na kufanya simu itetemeke mfukoni wakati kuna mtu anapiga, mara nyingi ni tungsteni, inayotoka katika wolframiti. Kobalti ya batri ni habari ya Kolwezi na Likasi, na Kongo peke yake inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Mawe mengine matatu tunayajua hapa kwetu, Masisi, Walikale, Kalehe. Kompyuta kubwa zinazoendesha hiyo akili bandia nazo zinahitaji tantali, na zinahitaji nyingi.

Rubaya iko Masisi, karibu kilomita 60 kutoka Goma. Mwezi wa tisa 2024, Bi Bintou Keita, aliyekuwa mkubwa wa MONUSCO, aliliambia Baraza la Usalama kwamba biashara ya madini ya Rubaya inatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Msikilizaji afikiri kidogo juu ya hesabu hiyo. Katika simu saba zinazotoka kiwandani, tantali ya simu moja inaweza kuwa imetoka kwenye vilima vya kijiji ambacho barabara yake, mvua ikinyesha, moto inasukumwa na watu wanne.

Waasi wa M23 waliishika Rubaya mwisho wa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba waasi walikuwa wanakusanya pale karibu dola 800.000 kila mwezi kama kodi kwenye koltani, na kwamba madini yanavushwa mpaka Rwanda na kuchanganywa na ya Rwanda. Waliita jambo hilo uchafuzi mkubwa wa njia ya madini katika eneo la Maziwa Makuu. Serkali ya Rwanda inakana. Mwisho wa Januari 2026, mashimo ya Rubaya yaliporomoka wakati wa mvua na zaidi ya watu 200 wakafa: wachimbaji, watoto, mama waliokuwa wanauza vitu kidogo-kidogo pale shimoni. Habari hiyo ilisomwa siku mbili tatu na radio za inje. Kisha wakarudi kwenye bei ya hisa za kampuni za akili bandia.

Watu wa Rubaya na vijiji vya jirani ndio wale waliojaza kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo. Ndio waliopigwa na mabomu Mugunga na Lushagala tarehe 3 Mei 2024. Na ndio walioambiwa mwezi wa pili 2025 kwamba wana saa 72 za kubomoa vibanda na kurudi makwao, wakabeba bashi na masufuria, wakaenda, wengine wakifika wakakuta nyumba hakuna na shamba limeshapata bwana mwingine.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho kila mhami anakijua kuliko wataalamu wote wa teknolojia. Siku ya kuandikishwa kwa msaada, mama anapiga mstari tangu saa kumi na mbili za asubuhi. Ikifika zamu yake, wanamchukua picha. Anaweka vidole kwenye kamashine kadogo, kimoja kimoja, na kama mikono imekauka kwa kazi ya kulima mashine inakataa, wanamwambia apanguse, aweke tena. Jina lake, la watoto wake, kijiji chake, vyote vinaingia ndani ya kompyuta. Akijaribu kujiandikisha mara ya pili kambi ingine, mashine inamkamata palepale. Hana njia ya kudanganya. Na watoa msaada wanaeleza vizuri kabisa: ni lazima wajue kila dola imefika kwa nani.

Vizuri. Lakini muulize mtengeneza simu mfuko wa kilo 50 wa koltani umetoka shimo gani. Jibu litakuwa kwamba njia ni ndefu, kuna wanunuzi wengi katikati, mazingira ni magumu, kampuni inafanya jitihada kubwa na inawategemea washiriki wake. Yaani teknolojia inamtambua mama wa watoto sita kwa mistari ya kidole chake ili asile maharagi mara mbili, lakini haiwezi kutambua tani mia na kitu za mawe zinazopita kwenye lori, kila mwezi, kwenye barabara moja!

Hiyo ni kusema uongo kwa adabu. Njia za kutambua ziko. Wanajiolojia wa serkali ya Ujerumani, katika taasisi inayoitwa BGR, walitengeneza miaka mingi iliyopita namna ya kupima koltani kwenye maabara na kulinganisha na mawe ya mashimo yanayojulikana. Kila kilima kina mchanganyiko wake, umri wake, chembechembe zake. Unajua wenyewe waliita namna hiyo jina gani? Waliiita alama ya kidole. Kweli, jiwe likishayeyushwa kiwandani alama inapotea, na likichanganywa kazi inakuwa ngumu. Ndiyo sababu lazima lipimwe kabla ya kuyeyushwa. Na viwanda vya kuyeyusha tantali duniani si maelfu. Ni vichache, vinajulikana kwa majina, na kampuni kubwa za Marekani zinaandika majina hayo kila mwaka katika ripoti wanayopeleka kwa serkali yao kabla mwezi wa tano kuisha. Yaani koo la njia yote ni jembamba. Anayetaka kusimama pale na kuangalia kinachopita anaweza.

Na wakitaka, wanaona. Mwezi wa nane 2025, serkali ya Marekani iliweka vikwazo kwa kikundi cha PARECO-FF, kwa kooperative moja ya wachimbaji, na kwa kampuni mbili za Hong Kong, kwa sababu ya koltani ya Rubaya ya miaka iliyotangulia M23. Kutoka shimoni Masisi hadi ofisini Hong Kong, walifuata mfuko. Tena hiyo inakumbusha jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: kabla ya M23, wenye bunduki wengine walikula kwenye mashimo yale yale, na wakubwa wa Kinshasa walijua.

Kuhusu mifuko yenyewe. Wachimbaji wanakumbuka kuanzishwa kwa etiketi. Mfuko unafungwa na katikiti ka plastiki chenye namba, inaandikwa kwenye daftari, na tangu hapo mfuko unaitwa safi. Wazo halikuwa baya. Lakini etiketi ni kipande cha plastiki. Inaweza kuuzwa. Inaweza kuvushwa mpaka ikiwa mtupu na kufungwa kwenye mfuko mwingine. Gharama ya mfumo huo mzima inahesabiwa kwenye bei, na kila mtu aliyesimama katika njia hiyo anaisukuma kwa yule wa chini yake, mpaka inamfikia anayechimba, ambaye hana mtu wa kumsukumia. Yaani mtu mwenye kutafuta dola chache kwa siku ndiye anayelipa ili mnunuzi wa simu Ulaya alale usingizi mzuri.

Kisha kuna jibu la pili la kampuni, lile wanalosema kwa majivuno: tumeacha kununua. Mwezi wa kumi na mbili 2024, mawakili wa serkali ya Kongo walipeleka mashtaka Ufaransa na Ubelgiji kuhusu matawi ya Apple, wakisema madini yaliyoibiwa Kongo yanaingia katika njia yake. Apple ilikataa kwa nguvu madai hayo na ikasema imewaambia watu wanaoiuzia vifaa wasimamishe kuchukua bati, tantali, tungsteni na zahabu kutoka Kongo na Rwanda. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeahidi mwaka 2023 kwamba kufikia 2025 batri zake zitatumia kobalti iliyotumika tena tu. Watu Ulaya walipiga makofi.

Hapa Kivu watu wenye kumbukumbu hawakupiga. Walishaona filamu hii. Mwezi wa saba 2010, Rais Obama alitia sahihi sheria ambayo katika kifungu chake 1502 ililazimisha kampuni za Marekani kuangalia kama madini yao yanatoka kwenye vita ya Kongo. Hapa watu waliiita sheria ya Obama. Mwezi wa tisa mwaka ule, Rais Kabila naye akafunga uchimbaji Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Wanunuzi wakakimbia. Kampuni hazikupata shida ya kuchunguza nani anachimba vipi, ziliona ni rahisi zaidi kuondoka. Na matokeo? Baba aliyekuwa analipa shule kwa koltani akatoa watoto shuleni. Mama aliyekuwa anauza bugali shimoni akakosa wateja. Ndege ndogo zilizokuwa zinaleta sabuni na chumvi Walikale na kurudi na madini zikawa haba, bei ya sabuni ikapanda. Na watu wa bunduki hawakuondoka hata kidogo. Wengi waligeukia zahabu, ambayo mtu anaificha ndani ya soksi.

Kwa hiyo kampuni inaposema leo "tumeacha", iulizwe: na ule mliokula kabla ya kuacha? Faida ya simu zilizouzwa mwaka 2024 ilirudishwa? Mtu aliyekula kuku wa jirani hawezi kusimama mbele ya mwami na kusema kesi imeisha kwa sababu tangu leo hatakula kuku tena. Mwami yeyote wa Masisi, hata yule mwenye tamaa, atamuuliza kuku wa kwanza analipwa na nani.

Tena, mawe hayakuacha kutoka. Kama kampuni moja inasimama, kuna ingine isiyo na jina kubwa, isiyoandika ripoti yoyote, inachukua kwa bei ya chini. Kisha inauza kifaa kwa mtu anayemuuzia mtu anayeiuzia ile ya kwanza. Kutumia tena kobalti ya batri za zamani si vibaya, ni vizuri hata. Lakini kunasafisha jina la kampuni tu. Yule aliyeachwa na shimo wazi kwenye kilima cha baba yake, kunamsaidia nini?

Ulaya nayo isijifiche nyuma ya Marekani. Ina sheria yake juu ya madini ya vita tangu Januari 2021. Hiyo haikuizuia, mwezi wa pili 2024, kutia sahihi na Rwanda mapatano juu ya madini, wakati vita ilikuwa tayari imefika karibu na Sake na kila mtu Goma alikuwa anasikia mizinga usiku. Mwaka mmoja baadaye, Goma ikiwa imeshaanguka, Bunge la Ulaya lilipiga kura likitaka mapatano hayo yasimamishwe. Wabunge waliona. Swali ni kwa nini ilihitajika mji wenye watu zaidi ya milioni moja uanguke ndipo waone. Na mwezi wa sita 2025, Kongo na Rwanda zilipotia sahihi mapatano ya amani Washington, Rais Trump alisema bila kuficha kwamba Marekani itapata haki za madini. Angalau huyo alisema waziwazi. Wengine wanachukua huku wakihubiri.

Na Kinshasa? Serkali inayoshtaki Apple ina haki ya kushtaki. Lakini serkali hiyo ieleze kwa nini Rubaya, baada ya zaidi ya miaka 20 ya koltani, tangu ile bei ilipopanda mwaka 2000 na watu wakaacha ngombe na mashamba kwenda kuchimba, haikupata barabara ya lami wala umeme. Madini yalitoka wakati wa amani pia. Wakubwa walijenga nyumba za ghorofa pembeni ya ziwa, hapa Goma, kila mtu anazijua kwa majina ya wenyewe. Mtu asiyetaka kutaja hilo anapoilaumu California anakuwa anamfichia mwizi wa nyumbani.

Kuna wanaosema maneno haya ni ya bure, kwamba mhami anahitaji unga, si mazungumzo juu ya viwanda. Ni kweli anahitaji unga, leo kabla ya kesho. Lakini huyo mhami si maskini aliyezaliwa hivyo. Alikuwa na shamba la maharagi, na ng'ombe, na wengine walikuwa na mashimo yao. Msaada wanaompa kwenye simu, baada ya wakala kukata chake, haufiki hata bei ya gunia la makala na kilo chache za unga. Anaitwa mnufaika. Neno hilo lenyewe ni tusi. Mtu ambaye udongo wa kijiji chake uko ndani ya mifuko ya watu wa dunia nzima angeitwa mdai, na orodha ile ya vidole ingekuwa orodha ya wanaodai.

Kwa nini isiwe hivyo? Majina yako. Vijiji viko. Tarehe ambazo kila kijiji kilikimbia zimeandikwa, kwa sababu kila mhami aliulizwa alitoka wapi na lini. Upande mwingine, majina ya viwanda yako. Kinachokosekana ni kuweka karatasi hizo mbili mezani pamoja, mbele ya jaji. Mashirika ya raia ya Masisi yana vijana waliosoma sheria, na wanaweza kuanza na familia za waliokufa Januari, kabla watu hawajatawanyika zaidi na kabla mashahidi hawajanunuliwa au kutishwa. Wahami waliohifadhi kadi zao za kambi, hata za kambi zilizobomolewa, wasizitupe. Wasichomee moto karatasi yoyote yenye tarehe.

Radio za hapa nazo zina deni. Kila asubuhi zinatoa bei ya dola, bei ya unga, bei ya esanse. Bei ambayo mchimbaji analipwa kwa kilo ya koltani haisomwi, ingawa kwenye soko la inje bei hiyo inajulikana, inabishaniwa, inauzwa hata kama habari. Kazi ya kuitafuta ni ya hatari, hasa sasa, hakuna anayebisha. Lakini wamotari wanaijua, na mama wanaouza bugali wanaijua pia.

Mwezi wa tisa utafika tena. Ndani ya kile chumba kikubwa cha California watakaa waandishi wa habari mia na mia, wamealikwa, wamepewa maji baridi, na watauliza kuhusu kamera. Mmoja tu kati yao angeweza kuuliza: katika viwanda mlivyoandika kwenye ripoti yenu ya mwezi wa tano, ni vingapi vilipokea koltani iliyotoka Rwanda kati ya Mei 2024 na siku mliyosema mmesimama, na ni tani ngapi? Namba hiyo iko. Imeandikwa ndani ya kompyuta ya mtu fulani, karibu na bei aliyolipa.